Panya Wako wa Kufuga Ana Nini? Dalili, Sababu na la Kufanya

Mimi ni mtoto wa Lushoto. Kwetu, miaka ya 1980 na 1990, panya hakuwa mnyama wa kuchezea, alikuwa habari ya tauni. Ugonjwa ulizuka mwaka 1980 ukawa unaondoka na kurudi, na sisi watoto tulijua ukimkuta panya kafa uani humgusi, unamwita mkubwa. Kwa hiyo binti yangu alipoingia nyumbani kwetu hapa Leicester, Uingereza, amekumbatia tundu lenye panya wawili, nilijikuta nimesimama juu ya kochi. Mama yangu aliposimuliwa kwa simu aliuliza swali moja tu: "Mmewaleta wenyewe, kwa hiari yenu?"

Hao wawili, Kashata na Bisi, walifuatiwa na wengine saba. Leo mimi ndiye ninayepigiwa simu na Waswahili wenzangu ambao watoto wao wamewaletea mtihani huo huo, na maswali ni yale yale: anauma, wanapigana, anatoka damu machoni, anakojoa kila anapokanyaga. Nimeyapanga hapa kwa dalili. Chini ya kila dalili, sababu ninayoitaja kwanza ndiyo ninayoikuta mara nyingi, na ya mwisho ndiyo adimu.

Tuelewane kwanza juu ya panya mwenyewe. Huyu si yule wa darini. Wa kufugwa ni Rattus norvegicus wa ukoo uliochaguliwa kwa upole kwa zaidi ya miaka mia. Katika London ya Malkia Victoria, mkamata panya aitwaye Jack Black alikuwa akiwatenga wenye rangi zisizo za kawaida na kuwauza wakafugwe, na mwaka 1901 Mary Douglas akawaingiza kwenye maonyesho ya wanyama huko Aylesbury. Wa darini kwetu mara nyingi ni Rattus rattus, spishi nyingine. Hata ukiokota kinda lake, usilitie tunduni. Viroboto na leptospirosisi, ugonjwa unaoenezwa na mkojo wa panya, havijui kwamba una moyo wa huruma. Wala si panya buku, wale wakubwa wanaofunzwa na shirika la APOPO pale Chuo Kikuu cha Sokoine, Morogoro, kunusa mabomu ya ardhini na kifua kikuu. Kila nikisema nafuga panya, kuna mtu ananiuliza, "Kama yule Magawa, panya buku wa mabomu aliyepewa medali?" Hapana. Wangu hawajawahi kugundua kitu zaidi ya biskuti mfukoni.

Kabla hujamlaumu

Utaratibu wangu ni huu: angalia nyumba yake, halafu mwili wake, ndipo ufike kwenye tabia. Watu wengi huanzia mwisho. Mtu ananipigia, "Dada, panya wetu mkorofi," na nikiuliza tundu limesafishwa lini, kimya. Katika panya tisa, mkorofi nimempata mmoja tu, na hata yeye shida ilikuwa homoni.

Nyumba: fungua tundu uiname, pua yako iwe usawa wa sakafu yake. Kama mkojo unakuwasha pua, yeye anaishi humo saa 24. Tazama kilichotandikwa chini. Maranda ya mwerezi, na ya msonobari ambayo hayakukaushwa kwa joto, yana mafuta yanayowasha mapafu yao; tumia karatasi iliyochanwachanwa isiyo na vumbi. Tazama pia feni au kiyoyozi kinapopulizia.

Mwili: mpime kila wiki kwenye mizani ya jikoni (tafuta bakuli lake mwenyewe, tafadhali) na uandike. Panya ni kiumbe anayeliwa na kila mtu, kwa hiyo ameumbwa kuficha ugonjwa. Mizani haidanganyiki. Panya aliyekomaa akipungua sehemu moja ya kumi ya uzito wake ndani ya wiki moja, ni safari ya kwa daktari hata kama bado anaruka.

Na jambo ambalo lilinichukua mwaka mzima kulielewa: mazungumzo yao mengi hatuyasikii. Masikio yetu yanaishia kama kilohezi 20 (kipimo cha wembamba wa sauti). Panya anapocheza hutoa sauti za kama kilohezi 50, akiogopa hushuka kwenye 22 hivi. Jaak Panksepp, mwanasayansi aliyefanya kazi Marekani, aliwatekenya panya katika miaka ya 1990 na kunasa sauti hizo za juu akaziita kicheko. Sisi tunaambulia mlio wa "kwii" tu. Kwa hiyo utamsoma kwa macho: manyoya, masikio, mgongo, mkia.

Dalili: Anauma

Hii ndiyo simu ya kila wiki. Kwanza tujue ameuma kiasi gani. Panya hushika dunia kwa meno kama sisi kwa vidole. Kukumung'unya kucha, kukuvuta nywele za mkono, kukugusa kwa jino na kuachia, huko ni kukusafisha au kukuuliza wewe ni kitu gani. Waswahili tunasema panya huuma na kupuliza. Wa kufuga hapulizi. Akikuuma kweli damu itatoka, na utajua hapo hapo.

*Kidole kupitia nondo.* Mtoto anampa mbegu kupitia nondo za tundu, leo mbegu, kesho karoti, keshokutwa anapitisha kidole kitupu. Panya haoni vizuri karibu na pua yake. Kinachopenya hapo amezoea ni chakula. Dawa: chakula chochote kisipitie nondo tena, mlango ufunguliwe apewe kwenye kiganja. Hili peke yake limemaliza nusu ya simu ninazopigiwa.

*Mkono unanukia.* Siku moja nilikuwa nimetoka kupara samaki, nikanawa juu juu, nikaingiza mkono kumtoa Bisi. Alinusa kidole cha shahada, sharubu zikienda mbele na nyuma, akafikiri kidogo, kisha akakishika kwa mikono miwili kama mtu anayeshika mhindi wa kuchoma, akauma. Hakuwa na hasira hata chembe. Alipoona samaki hatoki alianza kuvuta. Nawa kwa sabuni kabla na baada, na mkono uingie umekunja ngumi, mgongo wa kiganja ukitangulia.

*Hofu.* Umemwamsha ghafla, umemtokea kwa juu kama mwewe, umemshika mkia, au ulimfukuzia kwenye kona akakosa pa kwenda. Utamwona amejibana, masikio yamelala nyuma, amekodoa macho. Usimtoe. Mwachie njia ya kutokea. Mzungumzishe kabla ya kufungua mlango, mchote kwa mikono miwili kutoka chini ya kifua, na mkia usishikwe kamwe. Ngozi yake huchubuka ikavuka kama soksi.

*Homoni.* Dume wa kati ya miezi 5 na mwaka mmoja hivi. Alikuwa mpole, sasa manyoya yamesimama hata anaonekana mkubwa mara moja na nusu, anapumua kwa kishindo, anajisugua ubavu ukutani, anakusogelea kwa upande kama kaa. Kashata alikuwa hivi kwenye mwezi wa saba. Nilifanya kosa la kumtoa huku anafura. Kovu ninalo, kwenye kiungo cha kidole gumba. Panya aliyefura manyoya na kwenda upandeupande haguswi kwa mkono mtupu. Weka taulo kati yenu, au mwache atulie saa nzima. Ikiwa hali inadumu wiki mbili tatu, dawa ya kweli ni kuhasiwa na daktari aliyezoea wanyama wadogo. Homoni huchukua wiki kadhaa kuisha mwilini, kwa hiyo usitegemee malaika siku ya pili.

*Maumivu.* Huyu ndiye tunayemwonea. Panya mpole anayeuma ukimgusa mahali pamoja tu, mfano chini ya taya au kiunoni, anakwambia hapo pana kitu. Mpapase taratibu siku akiwa ametulia: jipu? uvimbe? meno ya mbele yamerefuka yakapishana? Meno hayo hukua maisha yote, na kwa panya mzima rangi yake ni ya manjano hadi chungwa. Usishtuke kwa hiyo rangi.

*Ana watoto.* Jike anayenyonyesha anaruhusiwa kuuma. Mwache.

Acha kujitibu, uende hospitali: jeraha la meno ya panya osha kwa sabuni na maji yanayotiririka. Kama ndani ya siku 3 hadi 10, au hata baadaye, unapata homa, kutapika, maumivu ya viungo au vipele, nenda na umwambie daktari waziwazi kwamba unafuga panya na ameuma. Kuna bakteria, Streptobacillus moniliformis, wanaoishi mdomoni mwao bila kuwadhuru na kutuletea sisi homa mbaya. Inatibika kwa antibayotiki, lakini daktari asiyeambiwa hataifikiria. Kwa sababu hizo hizo nyumba yenye mtoto wa chini ya miaka 5, au mtu ambaye kinga yake imeshuka, si nyumba ya panya. Najua mtoto wako atalia.

Dalili: Wanapigana

Mara nyingi hawapigani. Vijana wa miezi miwili mitatu wakianza mieleka usiku utadhani ni vita vya tatu vya dunia: wanasimama kwa miguu ya nyuma wanasukumana, mmoja anapinduliwa chali, kelele. Tazama mdomo unaelekea wapi. Wanaocheza hulenga ukosi, wanagusa kwa pua shingoni kwa nyuma. Wanaopigana kweli hulenga kiuno na ubavu. Tazama na manyoya: mchezo una manyoya yaliyolala. Halafu tafuta damu. Hakuna damu, hakuna kesi.

Sababu za ugomvi wa kweli, kwa mpangilio wa ninavyoziona: nafasi na vyombo vichache, yaani bakuli moja, nyumba moja ya kulalia yenye mlango mmoja (weka viwili viwili, na kila kibanda kiwe na matundu mawili ya kutokea), mgeni aliyeingizwa haraka, dume aliyepandwa na homoni, na mgonjwa ambaye wenzake wanamkandamiza.

Suala la mgeni nilieleze, maana hapo ndipo watu huharibu. Unanunua panya mpya Jumamosi, jioni unamtumbukiza kwenye tundu la wenyeji. Kwa wenyeji huyo ni jambazi. Mgeni akae chumba kingine wiki mbili kwanza, kwa ajili ya magonjwa. Kisha wakutane mahali ambapo hakuna mwenye hati miliki. Mimi hutumia beseni la kuogea lililotandikwa taulo. Dakika 15 siku ya kwanza, ukiongeza kila siku. Wapakwe mtindi kidogo mgongoni, wajishughulishe kulambana. Mkubwa akimlaza mdogo chali na kumsafisha kwa nguvu huku mdogo akilia, mwache: anamsomea sheria za nyumba. Wakishalala pamoja kwenye rundo moja, ndipo tundu lioshwe lote, lipangwe upya, waingie wote kama wahamiaji.

Wakishikana mpira mmoja wa manyoya unaobiringika, usiingize mkono. Wamwagie maji au watupie taulo zito, kisha watenganishe. Jeraha linaloachama, au la karibu na jicho au korodani, ni la daktari siku hiyo hiyo.

Kuna wanaosoma haya na kusema basi nifuge mmoja yaishe. Tafadhali usifanye hivyo. Panya wa peke yake hupoa, hujing'ata, huwa mwoga au mkali. Waliosema panya wengi hawachimbi shimo hawakuwahi kuwaona watatu wakihamisha soksi.

Dalili: Anajificha, hataki kushikwa

Mgeni wa chini ya wiki mbili: hiyo ni kawaida, mwache azoee harufu na sauti za nyumba. Mweke nguo yako uliyoivaa kwenye kibanda chake. Mwenye mwezi na zaidi: mara nyingi hakuzoeshwa mikono alipokuwa mdogo. Hapa nina njia moja ninayoiamini kuliko zote, kijiko. Chovya kijiko kwenye mtindi mtupu au uji, mpe kupitia mlangoni. Panya anaweza kunyakua mbegu akakimbilia shimoni, lakini uji hanyakui. Lazima akae mbele yako alambe. Siku ya tatu kijiko kinarudi nyuma kidogo, siku ya sita analambia kwenye kiganja chako, ya kumi miguu miwili iko mkononi. Usimdake siku hiyo kwa furaha. Utarudi sifuri.

Aliyekuwa mzoefu akaanza kujificha ghafla, rudi kwenye mizani. Huyo si mwoga, ni mgonjwa hadi daktari aseme vingine. Kabla ya hapo uliza pia kama nyumbani kumeingia paka, mbwa, au sabuni mpya yenye harufu kali.

Dalili: Anasaga meno, macho yanatoka nje

Mfugaji mmoja mgeni alinipigia saa 5 usiku akilia: macho ya panya wa mwanawe yanaingia na kutoka kama yanataka kudondoka. Nikamuuliza alikuwa anafanya nini. "Nilikuwa namkuna nyuma ya sikio." Basi, panya alikuwa peponi. Akiridhika husaga meno yale ya mbele, na kwa kuwa msuli wa taya unapita nyuma ya jicho, jicho nalo hutetemeka na kutokeza. Kwa paka ungeita kukoroma kwa raha.

Isipokuwa: amejikunja, mgongo juu, manyoya yamesimama, hali chakula, na huku anasaga. Huko ni kusaga kwa maumivu. Meno yale yale, mwili mwingine.

Dalili: Damu machoni na puani

Si damu, mara nyingi. Nyuma ya jicho la panya kuna tezi inayotoa ute wenye rangi nyekundu, porfirini. Akiamka ana kidoa kidogo pembeni mwa jicho, anajifuta mwenyewe, habari imeisha. Kikiwa kingi au cha kila siku, kinakwambia amelemewa na kitu.

Anza na vumbi na harufu: badilisha matandiko, punguza manukato, uvumba na ubani chumba hicho. Ndiyo, najua ubani ni wa Ijumaa, mhamishe panya. Kisha mfadhaiko, yaani safari, mgeni tunduni, kelele. Kisha kifua. Karibu panya wote wa kufugwa wanaishi na bakteria aitwaye Mycoplasma pulmonis, ambaye hukaa kimya hadi mwili udhoofike. Chafya chache kwa mgeni siku za mwanzo si hoja. Mweke sikioni kama simu usikilize: panya mzima hasikiki. Ukisikia mluzi, mchakacho kama wa karatasi, au mlio kama wa mapovu, anahitaji antibayotiki, na zenyewe zinaandikwa na daktari kwa uzito wake. Usimpe zilizobaki kwenye kabati lako.

Dharura, usisubiri asubuhi: anapumua mdomo wazi, ubavu unaingia ndani kila pumzi, au miguu na masikio vimekuwa vya bluu au vyeupe. Panya hupumua kwa pua. Akifungua mdomo amefika mwisho.

Dalili: Anayumbisha kichwa

Mwenye macho mekundu au ya waridi akisimama na kupeleka kichwa kushoto na kulia taratibu, kama mtu anayesikiliza kaswida, anapima umbali. Hana rangi ya kutosha machoni, haoni vizuri, na akiyumba vitu vya karibu vinasogea kuliko vya mbali. Hana ugonjwa.

Kichwa kilichoinama upande mmoja na kubaki hivyo ni kesi nyingine kabisa. Mara nyingi ni maambukizi ya sikio la ndani: anazunguka duara, anaanguka, pengine anabiringika. Hapo masaa yana maana. Mapema antibayotiki hufanya kazi. Ukichelewa kichwa hubaki pinda maisha yote. Wakati unasubiri miadi, ondoa ghorofa zote za tundu na maji yawe chini.

Dalili: Anakojoa kila anapopita

Anaandika jina lake. Madume zaidi, majike nao wamo. Ukihasi hupungua, haiishi. Mtandikie shuka yake kwenye kochi, uendelee na maisha. Mkojo mwekundu, au anajikamua bila kutoa kitu, ni daktari.

Dalili: Jike anatetemesha masikio, anarukaruka, anainua mgongo ukimgusa

Yuko kwenye joto, yaani anataka dume. Hurudi kila siku 4 hadi 5, kwa saa chache za usiku, na jioni inayofuata ni mtu mwingine. Hakuna cha kutibu. Cha kuzuia kipo: dume yeyote asiyehasiwa, hata kaka yake wa wiki tano, anatosha kumpa mimba. Mimba ni siku 21 hadi 23, na watoto wanaweza kufika 12 au zaidi. Duka moja hapa lilimuuzia jirani yangu "majike wawili". Wiki nne baadaye alikuwa na panya 13. Jifunze kutazama chini ya mkia mwenyewe.

Dalili: Anatafuna nondo usiku kucha

Panya ni wa magharibi na alfajiri. Usiku kwake ndiyo mchana. Kwanza ni kuchoka na upweke: tundu dogo, mbegu zimejaa kwenye bakuli, hana la kufanya. Atoke angalau saa moja kila jioni. Chakula kifiche ndani ya karatasi zilizokunjwa, boksi la mayai, ndani ya matandiko. Funga bembea za kitambaa. Pili, umemzoesha kwamba akitafuna unakuja. Ukiinuka saa 8 usiku na karanga umemlipa mshahara. Ama kunyoana manyoya hadi viraka, tofautisha na utitiri: kiraka kisicho na kigaga ni kunyoana, chenye vigaga na kujikuna ni utitiri, na dawa yake ni ya daktari. Zile za mbwa zinaweza kumuua.

Dalili: Ghafla si yule

Fikiri joto kwanza, hasa nyie wa Mombasa, Dar na Maskati. Panya hatoi jasho. Joto hulitolea mkiani. Zaidi ya nyuzi 30 anaanza kutaabika: anajilaza bapa, mate yanamtoka, mkia wa moto. Mhamishe kwenye ubaridi, mlowanishe mkia na miguu kwa maji ya kawaida, si ya barafu, mpe maji kama anakunywa, na daktari apigiwe simu huku unafanya hayo.

Pili, uvimbe. Majike wakubwa hupata uvimbe wa matiti, na matiti ya panya yameenea kuanzia shingoni na kwapani hadi kwenye mapaja, kwa hiyo kidonge ulichokipapasa shingoni chaweza kuwa hicho. Mwingi si saratani na hukatwa vizuri ukiwa mdogo kama zabibu. Ukiusubiri unakuwa embe.

Tatu, uzee. Anaishi miaka 2 hadi 3, kwa hiyo mwenye miezi 24 ni babu. Miguu ya nyuma ikiburuta, mshushie tundu liwe la chini. Lakini ikiwa mikono ya mbele ndiyo inayoshindwa, tazama vizuri. Kashata, alipokuwa na miezi 26, nilimpa njegere moja. Siku zote alikuwa akiishika kwa vidole na kuimenya ganda kama mzee anayemenya chungwa. Siku hiyo ilimponyoka. Akaifuata, ikamponyoka tena, mikono imenyooka mbele kama ya mwanasesere, akaishia kuibana ukutani kwa pua. Daktari alishuku uvimbe kwenye tezi ya pituitari, chini ya ubongo. Kuna dawa za kupunguza makali kwa wiki kadhaa, na kuna siku ambapo unaomba asiteseke zaidi. Daktari akikushauri hivyo, mwulize maswali yako yote, halafu msikilize.

Dalili: Mwenzake amekufa, aliyebaki hali chakula

Kama inawezekana, mwachie aunuse mwili kabla hujazika. Bisi alimnusa Kashata, akamvuta sikio, akamsafisha uso, akaondoka. Wasioonyeshwa huzunguka tundu siku nyingi wakitafuta. Mpe vyakula laini kwa kijiko, mkae naye muda mrefu zaidi, mpime kila siku badala ya kila wiki. Asipokula kabisa kwa siku nzima, nenda. Kisha mtafutie wenzake wawili wadogo, si mmoja, maana kijana mmoja humchosha mzee kwa mieleka, wakiwa wawili watachezeana wenyewe. Wapitie karantini yao, na beseni. Bisi aliwapokea siku ya nne, akawakalia wote wawili juu, akalala.